Barua ya Wazi kwa Madaktari Vijana Mliopangiwa Wilayani

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na kero niliyoshindwa kuimeza. Hivi karibuni, katika hospitali moja ya wilaya iliyoko milimani, nilimsikia daktari kijana akimweleza mwenzake aliyeripoti kazini siku hiyo kwamba kupangiwa huko ni kuzikwa ukiwa hai, na kwamba mwenye akili hutumia muda wake kutafuta uhamisho, kwa kuwa usomi huishia kwenye lango la chuo. Hatua chache kutoka walipoketi, hadubini ya maabara ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichojaa vumbi, wala hakuna aliyeona haya.

Yuko daktari ambaye ningependa mumjue. Johann Hedwig alizaliwa mwaka 1730 huko Kronstadt, mji wa Transylvania ambao leo unaitwa Brașov, nchini Romania. Alisomea udaktari Leipzig, Ujerumani, na aliporudi kwao ili atibu watu wake alikataliwa, kwa sababu shahada yake haikutoka Austria, iliyolitawala eneo hilo wakati huo. (Desturi ya kukagua muhuri kabla ya kumpima mtu mwenyewe, naona bado tunayo hata sisi.) Akaenda Chemnitz, mji wa pembeni huko Saxony, Ujerumani, akatibu kwa miaka mingi. Alfajiri, kabla ya wagonjwa kufika, alitoka kukusanya mimea, na jioni, baada ya wagonjwa kuondoka, aliichunguza. Mimea aliyoipenda kuliko yote ni mosi, yaani ule ujani mfupi na laini unaotanda juu ya mawe na magome ya miti yenye unyevu, ambao sisi huukanyaga bila kuutupia jicho.

Zama zile hata Linnaeus, bingwa wa kuainisha viumbe, alidhani kwamba kile kijikopo kinachosimama juu ya kikonyo cha mosi ni chavulio, yaani kiungo cha kiume kinachotoa chavua. Hedwig hakuridhika na kauli ya mkubwa. Alitazama mwenyewe hadi akavibaini viungo vya kiume na vya kike vilivyojificha katikati ya majani, akathibitisha kwamba kijikopo kile ni ghala la spora, yaani chembe ndogo ambazo mosi huzaliana kwazo, na akaonyesha kwamba vijino vinavyozunguka mdomo wake vinaweza kutumika kutofautisha jamii moja ya mosi na nyingine. Yote hayo aliyaona kwa hadubini iliyokuza kitu mara 50 hadi 290.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hadubini mnayotafutia vimelea vya malaria hukuza mara 1,000. Ninyi mnacho chombo ambacho Hedwig hakuwahi hata kukigusa, nanyi mmekifunika kitambaa! Mtaniambia kwamba siku hizi kuna kipimo cha haraka, nami sikidharau, kwani kimeokoa watu wengi mahali pasipo na umeme wala mtaalamu wa maabara. Lakini kipimo kile hakiwaambii vimelea ni vingi kiasi gani, na baadhi ya vipimo hivyo huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, ilhali tone la damu kwenye kioo lingewaambia hali ya leo. Daktari anayeacha kutazama kwa sababu amepewa kijiti cha kumjibia ndiyo au siyo amejivua udaktari mwenyewe, na asimsingizie aliyempangia kituo. Nimewaona wengi wa namna hiyo, nao hulalamika kuliko wote.

Jifunzeni kuchora pia. Hedwig alijifunza akiwa na umri wa miaka 40, ili wengine waone alichokiona. Wekeni daftari lenye tarehe. Fanyeni urafiki na mtaalamu wenu wa maabara. Laleni mapema.

Wala sisemi kwamba lawama ni zenu peke yenu. Sisi wazee tuliwafundisha kuhesabu cheo kwa umbali wa kutoka mjini, na waajiri wenu huwadai ripoti kila mwezi bila kuwauliza hata mara moja ni kitu gani kipya mmekiona. Hospitali ikikarabatiwa, madaftari ya zamani ndiyo huchomwa kwanza. Nchi inayofanya hivyo haina haki ya kushangaa inapokosa wachunguzi.

Hedwig alihamia Leipzig mwaka 1781, akachapisha kitabu chake kikuu cha kwanza juu ya mosi mwaka uliofuata. Uprofesa wa tiba ulikuja mwaka 1786, na wa botania, elimu ya mimea, mwaka 1789. Angalieni mpangilio huo: uchunguzi ulianzia Chemnitz, na vyeo vikaufuata. Alifariki mwaka 1799, na kitabu chake cha mwisho, kilichokamilishwa na mwanafunzi wake Schwägrichen na kutolewa mwaka 1801, ndicho wataalamu wote wanachoanzia hadi leo wanapohakiki majina ya kisayansi ya mosi, isipokuwa jamii ya Sphagnum.

Wale mliopangiwa kwenye milima ya Usambara, Uluguru au Udzungwa mnaishi katikati ya misitu yenye ukungu, na mosi imejaa kwenye kila gogo. Chukueni kipande kidogo, kiacheni kikauke kwenye bahasha ya karatasi wala si ya plastiki, andikeni juu yake mahali, mwinuko, tarehe na kitu kilichoota juu yake, kisha kipelekeni kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mtakapopata safari. Kabla ya hapo, fueni kile kitambaa na mkague kama balbu ya hadubini inawaka.

Mzee wenu,
Daktari mstaafu