Kinundu Kwenye Ufizi Uliopandikizwa, Miezi Baada ya Nyuzi Kutolewa

Wiki 2 za kwanza baada ya kupandikizwa ufizi, yaani nyama ya kaakaa kuhamishiwa kwenye ufizi uliopungua, kila mgonjwa huwa macho: damu, uvimbe, kidonda cha kaakaa. Nyuzi zikishatolewa na chai ya moto ikipita bila maumivu, wengi huona kazi imekwisha. Kumbe ufizi huo huendelea kujipanga kwa mwaka na zaidi, na yapo matatizo yanayojitokeza humo humo.

Linaloleta watu mbio zaidi ni kinundu. Nawa mikono, kiguse kwa ncha ya kidole. Kikiwa kigumu, hakiumi na ufizi wa juu yake una rangi ya kawaida, huenda ni mfupa kweli. Taya wakati mwingine huota mfupa chini ya kiraka (nyama iliyopandikizwa), hasa eneo la chonge na magego madogo, na picha ya eksirei husaidia kuthibitisha. Kama hakizuii mswaki, hakina haja ya kukatwa.

Kikiwa laini, na ukikibonyeza kinatoa kitu cheupe kizito kama dawa ya meno, hicho ni kifuko. Nyama ya kaakaa inayozikwa chini ya ufizi haitakiwi kwenda na ngozi yake ya juu. Ikibaki hata chembe, ngozi hiyo huendelea kuzaa seli na kuzipukutisha kama ilivyozoea, ila sasa hazina pa kutokea. Antibaiotiki hazikiondoi, na kukikamua ni kukiahirisha tu. Hupigwa ganzi, kikatolewa pamoja na utando wake wote. Usikitoboe kwa sindano nyumbani, tafadhali.

Usaha wa njano, harufu, maumivu yanayodunda au jino kucheza ni habari nyingine: njoo siku hiyo hiyo. Chanzo chaweza kuwa kipande cha uzi kilichosahaulika, au jino lenyewe limekufa ndani.

Rangi nayo. Kiraka cha aina nyingine, kinachowekwa juu pamoja na ngozi yake, hubaki na weupe wa kaakaa, na kwa mwenye ufizi mweusi kinaonekana mara moja. Hili daktari alipaswa kukuambia kabla ya kushika kisu. Kiraka kilichovimba kama mto hupunguzwa kwa kunyolewa, lakini si kabla ya miezi 3, kwa kuwa bado kinasinyaa chenyewe.

Mzizi wa jino ukichungulia kidogo mwezi wa 2, usikimbilie upasuaji wa pili. Ufizi huweza kupanda wenyewe, hata kama milimita 1, taratibu ndani ya mwaka. Unaposhuka tena, mara nyingi mkosaji ni mkono: mswaki mgumu, au mswaki wa mti unaosuguliwa kushoto kulia. Tumia mswaki laini, nywele zake zilale kuanzia ufizini, kisha uzungushe kuelekea ncha ya jino, bila kukandamiza. Kukiwa na uzi wa mdomo, yaani ule utepe wa nyama unaounganisha mdomo na ufizi, unaovuta ufizi kila unapocheka, mswaki peke yake hautatosha. Uzi huo hukatwa.

Ukija, njoo na tarehe ya upasuaji, aina ya kipandikizi kama imeandikwa kwenye cheti chako, na picha za simu ulizopiga dirishani kwa mwanga wa mchana. Kinundu kilichokua ndani ya siku 3 hatukitazami kama kilichokua kwa miezi 8.