Barua kwa mwanangu: vidonge vya wasiwasi haviachwi kwa mkupuo

Mwanangu mpendwa,

Uamuzi wako wa kuachana na vidonge nimeupokea kwa mikono miwili. Ninachokipinga ni ile kauli yako ya mwisho kwenye simu, kwamba kuanzia kesho humezi hata kimoja. Umetumia alprazolamu miligramu 1 kwa siku kwa zaidi ya mwaka, nusu asubuhi, nusu usiku. Mwili uliozoea dawa za kundi hilo, benzodiazepini, ukinyimwa ghafla unaweza kuangushwa na degedege hata kama mtu hajawahi kuugua kifafa tangu azaliwe, na wapo waliopoteza maisha hivyo. Basi kabla hujaendelea kusoma: usiku wa leo meza dozi yako kama kawaida. Kuacha utaacha, ila kwa ngazi.

Ukijua kinachotokea kichwani utakuwa na subira zaidi. Ubongo una breki yake, kemikali iitwayo GABA. Kidonge chako hakileti breki mpya. Kinashika kipokezi cha GABA, yaani sehemu ya seli inayoipokea kemikali hiyo, na kuifanya breki iliyopo ikamate kwa nguvu zaidi. Wiki zikipita, ubongo unaona umebanwa kupita kiasi, nao unajirekebisha: vipokezi vinakuwa vizito kuitika, na kemikali za kuuchangamsha zinapata nguvu. Sasa mtu akiondoa dawa kwa siku moja, anabaki na breki iliyolegea huku mguu umekanyaga mafuta. Ndiyo arosto yenyewe. Usingizi unakimbia, mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio, misuli inakaza. Hali hiyo inaitwa utegemezi wa mwili, na humpata hata anayemeza sawasawa na alivyoandikiwa. Uraibu ni jambo jingine, ni kuisaka dawa huku ukiona inakuharibia maisha. Usikubali mtu akuchanganyie hayo mawili, wala usijichanganyie mwenyewe.

Alprazolamu ina tatizo lake la ziada: haikai mwilini. Nusu yake huwa imeondoka baada ya muda wa saa 11 hivi, kwa hiyo kati ya dozi na dozi unashuka na kupanda. Yale mahangaiko yako ya alasiri, unayodhani ni ugonjwa unazidi, inawezekana kabisa ni arosto ndogo ya kila siku. Kwa sababu hiyo madaktari wengi humhamishia mgonjwa kwenye diazepamu kwanza. Diazepamu yenyewe hudumu, na ini linapoivunja linatoa zao lingine lenye kazi ileile, ambalo nusu yake inaweza kuchukua hadi saa 100 kuondoka. Kushuka kwake ni mteremko wa pole.

Kwa hesabu zinazotumika sana, zile za Profesa Heather Ashton aliyeendesha kliniki ya kuachisha dawa hizi Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alprazolamu miligramu 0.5 inalingana na diazepamu takriban miligramu 10. Miligramu yako 1 ni kama 20. Majedwali mengine yanatofautiana kidogo, na miili pia, kwa hiyo usijihamishe mwenyewe. Mpelekee daktari hesabu hii mzungumze. Kwa kawaida dozi hubadilishwa moja moja. Unaanza na ya usiku: badala ya alprazolamu 0.5 unameza diazepamu 10. Baada ya wiki moja hivi, ukiwa umetulia, ndipo inafuata ya asubuhi. Siku hizo usiendeshe gari, maana usingizi unaweza kukushukia mchana.

Sasa kupunguza. Mwongozo wa pamoja uliotolewa Marekani mwaka 2025 na chama cha madaktari wa uraibu na vyama vingine unataka uanze na asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na usizidi asilimia 25 kila wiki 2. Kinachowapotosha wengi ni hiki: asilimia hiyo ni ya unachomeza leo, wala si ya ulichoanza nacho. Kutoka 20 unatoa 2, unabaki na 18. Hatua inayofuata unatoa 1.8, unabaki na 16.2. Kisha 14.6, 13.1, 11.8, 10.6, 9.6. Hatua saba zimekutoa 20 hadi chini kidogo ya 10. Kutoka 10 hadi 5 ni saba nyingine, na kutoka 5 hadi 2.5 saba tena. Ukipiga hesabu ya wiki mbili kwa kila hatua, ni zaidi ya mwaka kabla hujafika miligramu 1. Najua hupendi kusikia hivyo. Lakini anayetoa miligramu 2 kila mara huona raha mwanzoni, halafu anagonga ukuta chini: kutoka 20 kwenda 18 ni sehemu ya kumi tu, kutoka 4 kwenda 2 ni nusu nzima. Vipokezi havihesabu miligramu kama sisi. Dozi ndogo inashika sehemu kubwa kuliko unavyodhani, ndiyo maana miligramu za mwisho zinauma kuliko za kwanza.

Vidonge haviji vya 16.2, bila shaka. Diazepamu hutengenezwa ya 2, 5 na 10. Omba ya 2, ina mstari katikati. Ukiivunja unapata 1. Kwa hiyo 16.2 inakuwa 16, yaani vidonge vinane, na 14.6 inakuwa saba na nusu. Nunua kikata vidonge kwa mfamasia. Kisu cha jikoni kinarusha kipande kimoja chini ya kabati na kingine kinabaki unga. Kiweke kidonge, mstari ukae sawa na wembe, ubonyeze mara moja bila kusitasita. Nusu mbili zisipolingana, usizitupe: meza kubwa leo, ndogo kesho, kwa diazepamu tofauti hiyo inafutika. Robo huwa za kubahatisha. Ukifika chini ya miligramu 5 muulize mfamasia dawa ya maji, ambayo unaipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Soma kwanza chupa ina miligramu ngapi kwa kila mililita, kwa kuwa hazifanani. Kusaga vidonge na kuvikoroga kwenye maji nyumbani sikushauri. Dawa hii haiyeyuki vizuri kwenye maji, inatuama, na unajikuta juu ya glasi hakuna kitu na chini kuna dozi mbili. Na kama ulichonacho ni kidonge kinachotoa dawa polepole, hicho hakikatwi wala hakisagwi.

Kila unapopunguza, usijipime siku ya pili. Diazepamu ya zamani bado iko mwilini, ndiyo maana unajiona mzima. Pigo huja baada ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki ya pili. Wengi hudanganyika hapo, wanakata tena haraka, halafu makato mawili yanawaangukia kwa pamoja. Weka daftari: tarehe, dozi, saa ulizolala, na alama ya 0 hadi 10 ya hali yako jioni. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Usiandike zaidi, ukianza kuuchunguza mwili kila saa utaupata ugonjwa.

Hatua ikikuelemea, simama pale ulipo wiki mbili, tatu, hata sita. Kusimama ni sehemu ya mpango. Usirudi juu kwa kujiamulia usiku wa manane, na usimeze kimoja cha ziada "cha leo tu", kwa sababu hapo unaufundisha ubongo kusubiri. Kuruka siku, unameza leo unaacha kesho, nako hakufai. Ni arosto ya kujitengenezea. Kama kurudi juu kunahitajika kabisa, daktari ndiye wa kusema.

Dalili zitakuja kama mawimbi. Siku nne nzuri, halafu asubuhi moja masikio yanalia, mwanga unachoma macho, ngozi inatambaliwa na sisimizi wasiokuwepo, watu unawaona kama kwenye skrini. Hilo la mwisho linatisha kuliko yote na halina madhara, hupita. Utajuaje ni arosto au wasiwasi wako wa zamani umerudi? Arosto huleta mambo mapya ambayo hukuwa nayo kabla ya dawa, huja baada ya kupunguza na hulegea kadiri wiki zinavyokwenda. Wasiwasi wa zamani huja na mada zake zilezile. Huo una tiba yake: mazungumzo na mtaalamu wa kubadili fikra na tabia, nayo ni bora ianze kabla hujaanza kushuka, uwe na silaha mkononi.

Saa tisa usiku utakurupuka moyo ukidunda masikioni, midomo na vidole vikichomachoma. Kule kuchomachoma kunatokana na kuhema haraka: unatoa hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi. Kwa hiyo usivute pumzi kubwa kama watu wanavyoshauri, utaongeza tatizo. Vuta kwa pua taratibu ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, dakika tano. Geuza saa itazame ukutani. Usingizi usiporudi baada ya kama dakika ishirini, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha akili, rudi ukisinzia. Asubuhi amka saa ileile hata kama umelala saa mbili tu. Usifidie mchana.

Pombe iache kabisa. Inafanya kazi kwenye kipokezi kilekile, na kesho yake arosto inakuwa mara mbili. Kahawa na chai ya rangi zipunguze polepole, usizikate siku moja na kuongeza kichwa kuuma juu ya mengine. Usipunguze dawa mbili za akili kwa wakati mmoja. Kama daktari amekupa pia dawa ya sonona, hiyo ibaki ilivyo hadi hii iishe.

Kila unayemwendea kwa ugonjwa wowote mwambie unashuka kutoka benzodiazepini. Tramadoli hupunguza ukinzani wa ubongo dhidi ya degedege, na kwa kuwa ni ya jamii ya afyuni, ikichanganywa na dawa yako inaweza kudidimiza pumzi. Siprofloksasini, dawa ya kawaida ya maambukizi, nayo inaweza kuchochea degedege. Rifampisini ya kifua kikuu inaiondoa diazepamu haraka, ni kama umekatwa dozi bila kujua. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo hufanya kinyume chake, inaichelewesha mwilini. Andika kikaratasi: jina la dawa, dozi ya sasa, saa unazomeza. Kiweke kwenye pochi, na nakala mpe mtu unayeishi naye.

Mtu huyohuyo ajue lini asingoje asubuhi. Ukianguka kwa degedege, ukiona au kusikia visivyopo, ukichanganyikiwa hujui ulipo, homa ikipanda huku unatetemeka, au mawazo ya kujiua yakikujia, ni hospitali muda huohuo, na kikaratasi mkononi. Mawazo hayo huletwa na arosto pia. Yaseme kwa sauti kwa mtu, usiku huohuo, nami nipigie saa yoyote.

Mwezi ujao ukionana na daktari, muombe aandike vidonge vya wiki mbili mbili, visikae vingi nyumbani, ila pia usibaki na siku mbili tu mkononi. Kuishiwa ghafla duka la dawa likiwa limefungwa ni kuacha ghafla kwa jina jingine. Ukifika kwenye kiasi cha mwisho, labda nusu miligramu au robo miligramu, chagua wiki isiyo na mtihani wala safari. Vitakavyobaki mrudishie mfamasia. Usimgawie rafiki asiyelala, hata akuombe vipi.

Daftari nimekununulia, lina mistari mipana. Nakutumia pamoja na barua hii.

Mama yako