Kava liko kwako, sahani iko kwangu

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Baba Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni juu yenu. Mama mkubwa anakusalimu, goti lake limetulia tangu mvua zikatike. Miezi minne imepita tangu tuachane kwenye hitima, sijakuandikia wala kukupigia, na sababu unaijua. Ulisema mbele za watu, huku unamenya chungwa, kwamba Machine Head, ile albamu ya bendi ya roki ya Kiingereza Deep Purple, ni wimbo mmoja na vijazio sita. Neno lile nililala nalo.

Sasa sindano ya gramafoni imepatikana. Wiki nzima nimeisikiliza ile sahani, upande wa kwanza, upande wa pili, dakika 37, halafu naanza tena. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

Kwanza nikupe haki yako. “Never Before” ni dhaifu. Deep Purple wenyewe waliutoa kuwa singo ya kwanza, na nyuma ya singo hiyo hiyo wakaubandika “When a Blind Man Cries”, wimbo unaotoa machozi, ambao hawakuuweka kwenye albamu. Hilo linaniuma mpaka leo. Wangebadilishana tu hizo mbili!

Lakini sita, Baba Zuhura? Umemsahau Jon Lord, mpiga kinanda wao? Miaka yote tuliyobishana tulimbishania Blackmore, mpiga gitaa, kwa sababu gitaa ndilo tulilotamani kulipiga. Safari hii nimemfuata Lord peke yake. Kile kinanda chake cha umeme cha Hammond alikipitisha kwenye amplifaya ya Marshall, zile za magitaa, ndiyo maana kinanguruma namna ile. Bendi haina gitaa la rithimu, umewahi kulitafakari hilo? Nafasi yote ya rithimu ameishika yeye. Kwenye “Highway Star” solo ya kinanda inatangulia, Blackmore anakuja baadaye, na anakuja kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Na “Lazy”, ule mwanzo wa kinanda kitupu kabla wenzake hawajaingia, ndio kijazio huo? Hata “Pictures of Home”, mpiga ngoma Ian Paice anavyoufungua, kisha katikati gitaa la besi la mwenzao Glover linapewa uwanja wake. Usikilize usiku, taa zimezimwa.

Mwanangu wa dada ameanza gitaa, na bila shaka umeshajua anapiga nini kutwa. “Smoke on the Water”, asubuhi mpaka magharibi. Inatoka nyembamba, akanijia amenuna. Nikamwonyesha kwamba Blackmore hagongi kwa kipande cha plastiki, anazidonoa nyuzi mbili pamoja kwa vidole, na kwamba unene ule anaousikia nusu yake ni kinanda kinachopiga sauti zile zile. Unaona? Hata huko tunarudi kwa Lord.

Nikamsimulia na habari yenyewe, kama alivyotusimulia marehemu. Desemba 1971 walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi ndani ya kasino. Tarehe 4 mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa na bendi yake walikuwa jukwaani humo, mtu mmoja akafyatua fataki kuelekea darini, jengo lote likateketea. Claude Nobs, mwandaaji wa tamasha la jazi la Montreux, aliingia kuwatoa vijana. Deep Purple wakabaki kuutazama moshi ukitanda juu ya ziwa, na gari lenye mitambo ya kurekodi, la bendi ya Rolling Stones, walilolikodi halina pa kuegeshwa. Wakapata ukumbi mwingine, polisi wakaja kwa sababu ya makelele. Mwisho wakaangukia Grand Hôtel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi. Wakapanga ala kwenye korido, wakaziba kwa magodoro.

Hapa ndipo ninapotaka uniskilize vizuri. Gari lilikuwa nje, na kulifikia ilibidi wapite vyumba na baraza, kwa hiyo kwenda kusikiliza walichorekodi wakaacha. Walipiga mpaka wenyewe wakaridhika pale pale koridoni. Ndiyo maana nyimbo zinasikika kama watu watano waliosimama karibu, kila mmoja anamtazama mwenzake usoni. Nimesikia rekodi nyingi safi kuliko hii. Ukaribu ule sijausikia kwingine, na unaanzia kwenye kinanda na gitaa vinavyogombea pumzi moja. Ukiukosa huo, ni kweli, utabaki na wimbo mmoja.

Sasa ombi. Tulipoinunua mimi na wewe kwa pesa ya pamoja, ulichukua kava, mimi nikachukua sahani. Kijana anafunga shule mwezi wa kumi na mbili, nataka kumkabidhi ikiwa kamili, na zile sura zao zilizopindapinda kwenye chuma kinachong’aa azione mwenyewe. Utakubali? Kava bado zima, au Zuhura alilichora? Unakuja Tanga kabla ya mwaka mpya, au nikutumie mtu anayepanda basi la Mwanza? Na ile albamu yao nyingine ya shemeji, Made in Japan, bado anayo? Anaweza kutuazima hata siku tatu? Mgongo wako je, na ile kesi ya kiwanja imefikia wapi?

Nijibu upesi, hata mistari miwili.

Wako,
Mjomba wa Tanga