Risala ya Wahitimu wa Utabibu na Uuguzi, Mbeya: Tumfuate Mgonjwa Hadi Siku ya 30

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mkuu wa Chuo na wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi wetu, shikamooni,
Wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kutukabidhi vyeti. Maombi ya mabweni, maji na gari la chuo uongozi utakueleza. Sisi wahitimu tumekubaliana kukuletea jambo moja tu, tulilolikuta wodini.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika mafunzo kwa vitendo tulifundishwa kujaza rejesta ya chumba cha upasuaji: jina, umri, aina ya upasuaji, aliyepasua, aliyetoa dawa ya usingizi. Mwisho wa mwezi namba hujumlishwa na kuingia kwenye MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ikajulikana hospitali imepasua wangapi. Wangapi wamepona, rejesta haisemi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa siku ya tatu, akapanda Hiace kurudi kijijini na mvua ya huku kwetu mnaijua. Siku ya nane mshono unatoa usaha. Nauli ya kurudi hospitali hana, anakwenda zahanati ya jirani, anasafishwa kidonda na kupewa vidonge. Muuguzi wa zahanati anajua kilichotokea. Timu iliyompasua haijui, na kesho yake inampasua mwingine kwa utaratibu uleule. Kwenye rejesta mama yule anasomeka "ameruhusiwa, hali nzuri".

Jambo hili linatuuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulionyesha kuwa mgonjwa anayepasuliwa barani kwetu ana uwezekano mara mbili wa kufariki kuliko wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu wengi ni vijana. Na karibu wote waliofariki walifariki baada ya upasuaji kwisha, si mezani. Basi macho yetu yanahitajika zaidi pale ambapo rejesta inafungwa.

Mfano wa kufuata upo hapa hapa nchini. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani mambo ambayo timu huyahakiki kwa sauti kabla na baada ya kupasua. Matokeo ya jumla ya hospitali hizo, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Walijua hayo kwa sababu walihesabu matatizo kabla ya kuanza kutumia orodha, wakahesabu tena baada yake. Bila hesabu ile ya kwanza, orodha ingebaki karatasi ya ukutani.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa akina mama kazi ni nyepesi, kwa kuwa ratiba inawarudisha kliniki na mtoto siku ya 28. Muuguzi aangalie mshono, aandike, taarifa irudi hospitali. Kwa aliyepasuliwa ngiri, simu moja siku ya 30 inatosha: kidonda kimefunga? Bado unaumwa? Kazi umeanza? Uingereza walianza mwaka 2009 kuwauliza wagonjwa wenyewe, kabla na baada ya upasuaji wa ngiri, nyonga na goti. Kwa mkulima wa viazi wa Uporoto, swali la maana ni kama ameweza tena kuinua gunia.

Kisha timu ikae kila mwezi na majibu hayo mezani. Ikionekana vidonda vilivyooza ni vya waliopasuliwa usiku, iulizwe: antibiotiki ilitolewa ndani ya saa moja kabla ya kisu, au baadaye? Vifaa vya usiku vilichemshwa na nani?

Hapa tunaomba kwa unyenyekevu: majibu hayo yasigeuzwe kuwa barua za kujieleza. Daktari Ernest Amory Codman wa Boston, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alimwekea kila mgonjwa kadi na kumfuata mwaka mzima au zaidi, akataka hospitali zote zifanye hivyo hadharani. Wenzake walimchukia. Mtu akiogopa adhabu ataandika "hali nzuri" kwa kila mgonjwa. Vilevile iandikwe hali ya mgonjwa alipofika, maana hospitali inayompokea mama aliyeshikwa na uchungu siku mbili njiani haiwezi kupimwa sawa na inayopasua wa kupangiwa tarehe.

Tunachoomba ni simu moja ya ofisi yenye muda wa maongezi kwa kila chumba cha upasuaji, safu ya "siku ya 30" kwenye rejesta, na maelekezo yako kwa zahanati zote kutoa taarifa ya mshono ulioharibika. Kazi ya kupiga simu tutaifanya sisi, popote tutakapopangiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba upokee nakala ya risala hii pamoja na ukurasa wa rejesta tuliouchora. Ahsante kwa kutusikiliza.