Kiberiti hakimtambui aliyefuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie vitambaa vya lesi vya makochi na meza ambavyo huuzwa hapa Iringa kwa jina la kazi ya mkono, ilhali vingi vimetoka kiwandani. Nimefundisha sayansikimu kwa miaka mingi na mpaka leo nafuma kroshia, kwa hiyo sisemi kwa kubahatisha.

Mwezi Juni nilimsindikiza binti wa kaka yangu kununua zawadi ya bibi harusi. Muuzaji alitutandikia vitambaa sita, akataja shilingi 120,000, kisha akachomoa kipande cha uzi pembeni na kukiwasha. Uzi uliungua kama karatasi, ukaacha jivu laini la kijivu. “Mmeona, mama? Hii siyo plastiki, ni kazi ya mkono kabisa.” Binti akanigeukia: “Shangazi, si tuchukue?”

Jaribio lile ni la kweli kwa kile linachopima. Pamba huungua ikawa jivu, na poliesta huyeyuka ikaganda kuwa punje ngumu. Lakini kiberiti huutambua uzi tu, hakimtambui aliyeufuma, na mashine za lesi si jambo la jana: John Heathcoat wa Uingereza alikuwa na mashine yake ya kusuka wavu wa lesi tangu mwaka 1809, na viwanda hutumia pamba ileile tunayotumia sisi.

Nilikigeuza kitambaa nikakisogeza dirishani. Maua yake hayakuwa na vitanzi hata kimoja. Yalikuwa nyuzi zilizorundikwa kwa kwenda na kurudi, zikiwa zimebanwa kwa uzi wa pili kutoka chini, kama mshono wa cherehani. Pembezoni palikuwa na manyoya membamba, na kati ya ua na ua kulikuwa na ncha za nyuzi zilizokatwa kwa mkasi. Hiyo ni lesi ya kudariziwa, ambayo mashine huishona juu ya kitambaa cha muda, kisha kitambaa hicho huyeyushwa, ua likabaki peke yake.

Kroshia halisi hujengwa kwa kitanzi kimoja kupitishwa ndani ya kingine, na mpaka leo viwanda huiga sura yake tu. Ukitazama katikati ya kitambaa cha duara utakuta kipete cha kuanzia. Kila mzunguko kwa kawaida huanza na cheni tatu, yaani vitanzi vitatu vinavyofuatana, zinazosimama badala ya fundo refu la kwanza, nazo huonekana nyembamba kuliko wenzake, kiasi kwamba jicho lililozoea huona kama mstari hafifu unaopanda kutoka katikati hadi ukingoni. Pale mstari unapoishia, papase kwa kidole: mfumaji aliuficha mkia wa uzi wake hapo. Mkia huo ukifumuliwa, mzunguko wa mwisho wote hufumuka kwa uzi mmoja. Lesi ya kudariziwa haiwezi kufumuka hivyo.

Wapo wanaoamini kwamba kazi ya mkono lazima iwe na kasoro. Imani hiyo huniudhi kidogo, kwa sababu wako wanawake wanaofuma vitambaa sita usiweze kujua kipi kilitangulia, na kiwanda nacho hukosea, ila kosa lake hujirudia palepale katika kila kipande. Nikiri pia kwamba lesi nyembamba za ukingoni, zile za kusokotwa kwa vijiti, zina mashine inayozisuka kwa namna inayokaribiana sana na ya mkono, na hapo hata mimi huomba kioo cha kukuza.

Siichukii lesi ya mashine, ni nzuri na hufulika. Ninachokipinga ni bei ya jioni nyingi za mfumaji kutozwa kwa bidhaa ambayo hakuigusa. Ningeomba wanaosimamia mabanda ya kazi za mikono katika viwanja vya Nanenane vya John Mwakangale, Mbeya, wamtake kila muuzaji aandike kwenye bidhaa yake kama imefumwa kwa mkono au kwa mashine.

Yule muuzaji nilimwonyesha upande wa nyuma bila kupandisha sauti. Alinyamaza, akashusha hadi shilingi 45,000, tukavinunua.

Mwalimu mstaafu,
Iringa