Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale wa Misri: Kijana yule asiitwe "mumia anayepiga mayowe"

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Afrika Mashariki. Ninakuandikia kuhusu maiti ya kijana mmoja ambaye kwa sasa hana mlezi mwingine ila wizara yako. Wataalamu humwita Mtu Asiyejulikana E. Magazetini na mitandaoni anajulikana kama "mumia (maiti iliyokaushwa na kuhifadhiwa) anayepiga mayowe". Ninaomba jina hilo la pili lisitumike kamwe mahali penye mhuri wa serikali ya Misri.

Kisa chenyewe wewe unakijua, ila wengine watakaosoma barua hii huenda hawakijui. Mnamo mwaka 1155 KK, Ramesses wa Tatu, farao wa Misri aliyekuwa ametawala kwa miaka 31, aliuawa kwa njama iliyosukwa ndani ya nyumba ya wake zake. Tiye, mmoja wa wake wadogo, alitaka mwanawe Pentawere arithi kiti ambacho tayari kilikuwa na mrithi. Wakaingizwa wanyweshaji, makarani na wasimamizi wa nyumba ile. Mwanamke mmoja alimwandikia kaka yake, kamanda wa wapiga mishale wa Kushi, nchi iliyo kusini mwa Misri, awachochee watu kisha aje kupigana na bwana wake. Wengine wakafinyanga sanamu za nta za uchawi.

Hati ya kesi ya waliokula njama hiyo, ambayo leo iko Turin, Italia, haisemi waziwazi kwamba mfalme alikufa, na wasomi wakabishana miaka na miaka. Mwaka 2012 kipimo cha CT scan, yaani picha za ndani ya mwili, kikamaliza ubishi: shingoni mwa Ramesses mna jeraha la kisu lenye upana wa sentimita 7, limekata koo na mishipa mpaka kwenye mfupa. Waliomhifadhi walitia hirizi ya jicho la mungu Horus ndani ya jeraha lilelile, apate kupona huko aendako.

Utafiti huohuo ulipima vinasaba vya kijana huyu na kuona kwamba yaelekea ni mwana wa Ramesses, wa umri wa miaka 18 hadi 20; ndiyo maana anadhaniwa kuwa Pentawere. Yeye hakutolewa matumbo. Hakuvishwa sanda ya kitani kama wana wa wafalme. Alifunikwa ngozi ya mnyama, kitu najisi kwa maziko ya wakati ule, akalazwa katika jeneza lisilo na maandishi yoyote. Huyu ni mtu aliyeadhibiwa hata baada ya kufa.

Na adhabu kubwa ilikuwa ya jina. Waandishi wa kesi waliwabandika washtakiwa majina ya laana: mnyweshaji mmoja ameandikwa Mesedsure, yaani Ra, mungu wa jua, anamchukia. Pentawere mwenyewe anatajwa kuwa ni yule "aliyeitwa kwa jina lile jingine". Kwa Wamisri wa kale, kufutwa jina kulikuwa kifo cha pili. Sasa imepita miaka zaidi ya 3,100, nasi bado tunamwongezea jina la kumdhalilisha, tena kwa sababu ya mdomo wake ulio wazi tu. Taya la maiti hushuka lisipofungwa. Hilo si yowe.

Sisemi kwamba hakuwa na hatia. Hati inasema alipatikana na hatia, wakamwacha alipokuwa, naye akajiua. Lakini kesi hiyohiyo iliwaona baadhi ya waamuzi wakikamatwa kwa kustarehe na wanawake walioshtakiwa, wakakatwa pua na masikio. Na kuhusu Tiye, aliyeanzisha yote, hati haisemi alihukumiwa nini. Mimi jambo hilo linanikera kila nikilifikiria: mtoto tunaye mbele ya macho, mama katoweka.

Kama mna mpango wa kumtoa tena hadharani, kama mlivyofanya mjini Cairo mwaka 2018, kibao chake kiseme "anadhaniwa kuwa Pentawere". Neno "anadhaniwa" lisiachwe, kwa maana vinasaba vinaonyesha baba, havionyeshi ni mwana yupi, na Ramesses alikuwa na wana wengi. Uso wake usifanywe tangazo la kuuzia tiketi.

Tena, katika makumbusho ya kule Fustat, Cairo, alikohamishiwa baba yake katika msafara wa Aprili 2021, wageni waelezwe kesi hii yote. Waelezwe pia kwamba katika mwaka wa 29 wa utawala wake mafundi wa makaburi ya wafalme waligoma kwa kucheleweshewa posho ya nafaka, mgomo wa kwanza unaojulikana katika maandishi. Bila habari hiyo mgeni hawezi kuelewa kwa nini waliokula njama walitumaini kwamba watu wangewaunga mkono.

Sehemu ya hati inayomhusu kijana huyu ni mistari michache tu. Iandikwe ukutani kwa Kiarabu na kwa lugha za wageni, karibu na jeneza lake, na jina lake lisomeke kabla ya namba ya makumbusho.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa historia