YAH: Programu yenu inatoa vitabu visivyofunguka

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wachapishaji wadogo wa vitabu vya watoto, Dar es Salaam. Tulilipia leseni ya programu yenu kwa sababu tangazo lilisema inatoa EPUB 3 (muundo wa vitabu vya kielektroniki) iliyo kamili. Haitoi.

Hadithi zetu zimejaa ng'ombe, ng'ambo na nyota zinazong'aa. Programu yenu hubadili kila ritifaa kuwa msimbo &rsquo;. Kivinjari kikiisoma faili kama HTML, lugha ya kurasa za wavuti, msimbo huo kinaujua, na ndiyo maana fundi wenu anasisitiza kwamba kwake kila kitu kiko sawa. Lakini kurasa za EPUB ni XHTML, yaani HTML yenye masharti makali. Husomwa kwa kanuni za XML (lugha ya kupangia data), ambayo inaitambua misimbo mitano tu bila kuelezwa: &amp;, &lt;, &gt;, &quot; na &apos;. Ikikuta mwingine haibahatishi, inagoma. Mzazi aliyelipia kitabu anamfikia ng'ombe wa kwanza, anakutana na ujumbe wa kosa.

Tuliambiwa tubadilishe majina ya faili kutoka .xhtml kuwa .html. Ushauri wa ajabu! Orodha ya faili ndani ya kitabu bado inatamka aina yake kuwa application/xhtml+xml, yaani XHTML, na hiyo ndiyo inayohesabika, si mkia wa jina. Kisha tukaambiwa tufunge kila tagi (alama ya HTML kati ya < na >) kwa mkwaju (/). 
 Tagi ya <br/>, ya kukata mstari, ilikubali. Ila sura hizo hizo tunaziweka pia kwenye tovuti yetu kama HTML, na huko mkwaju wa <div/>, tagi ya kugawa ukurasa, hupuuzwa, div ikabaki wazi; <script/>, tagi ya kubeba msimbo wa programu, nayo ikameza maandishi yote yaliyoifuata.

Dawa inajulikana, na kwa sasa tunaitia kwa mkono, sura baada ya sura: ritifaa iandikwe yenyewe kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta) au iwe &#8217;, &nbsp; (nafasi isiyokatika) iwe &#160;, div na script zipewe tagi kamili za kufungia hata zikiwa tupu. Faili ya namna hiyo husomeka pande zote mbili. Hii ni kazi ya programu tuliyoilipia, si ya mhariri wetu.

Tunaomba toleo lililorekebishwa ndani ya siku 14, la sivyo mturudishie fedha za leseni. Sura tuliyoambatanisha muifungue kwenye kifaa cha kusomea vitabu, si kwenye kivinjari, kabla ya kutujibu.

Wenu,
Mhariri Mkuu